Mwaka Yaya Alipoanza Kukimbia

Baba yetu alizikwa kijijini Wamaza mchana, na dada yangu mkubwa akafika jioni. Kaburi lilikuwa limeshafunikwa, wanaume wamenawa mikono na majembe, na mama ameketi ndani ya nyumba na wanawake wenzake. Mimi nilikuwa nimetangulia tangu jana yake. Nilimwona yaya, ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, akija peke yake njiani, kikwembe alichojifunga kina matope hadi magotini, viatu ameshika mkononi. Anatembea kidogo, anasimama, anatembea tena. Hakulia. Hakuwa na pumzi ya kulia. Alipita katikati ya watu bila kusalimia, akaenda hadi kaburini, akakaa juu ya udongo mbichi na kuweka kiganja chake pale, kama vile unavyogusa paji la uso la mtoto mwenye homa.

Kilichomchelewesha ni kile kilima cha kuingilia kijijini. Mvua ilikuwa imenyesha na pikipiki ilikuwa inateleza, motari akamwambia ashuke apande kwa miguu, jambo ambalo kila abiria hufanya pale. Wengine walipanda. Yeye alipanda kidogo moyo ukaanza kupiga kwa nguvu, akakaa kando ya njia. Motari alimngoja, kisha akachoka kungoja akashusha mzigo wake na kurudi. Akapita mwingine, naye akamtazama, akatazama kilima, akasema hawezi. Akiwa amekaa pale chini alisikia kilio cha wanawake kikipanda ghafla huko juu, akajua baba anatolewa ndani ya nyumba.

"Nilisikia sauti yako," aliniambia baadaye. "Katika sauti zote nilisikia ya kwako."

Yaya alikuwa mnene, na kwetu Kasongo unene si jambo la kumwonea mtu huruma. Mwanamke mnene ni mwanamke ambaye maisha yake yanaenda vizuri. Alikuwa mjane, alimlea binti yake wa pekee kwa kuuza mchele na mawese sokoni, na kazi hiyo ni ya kukaa: unakaa kwenye kigoda asubuhi, unaamka jua likizama. Wateja walipenda kununua kwake. Walimwita mama mukubwa, naye alicheka, mwili wote ukitikisika. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Mume wangu yuko Lusangi kwenye machimbo ya dhahabu na hurudi mara chache kwa mwaka, kwa hiyo tangu siku nyingi nilikuwa nimehamia chumba kimoja uwanjani kwa yaya. Tulipika kwenye moto mmoja.

Baada ya kumzika baba hakusema chochote kuhusu siku ile mpaka Bonane. Tulitoka kwenye ibada ya mwaka mpya, tukala wali na kuku, binti yake akaenda kutembelea wenzake, tukabaki wawili na vyombo vichafu. Akaniambia:

"Mudogo wangu, mwaka huu mimi nitakimbia."

"Utakimbia nani?"

"Sikimbii mutu. Nitakimbia tu, kama wale vijana wa kiwanja cha ndege."

Nilicheka. Yeye hakucheka, nikanyamaza. Alikuwa ameshaipanga kichwani yote. Kila asubuhi isipokuwa Jumapili tutaenda kwenye kiwanja cha ndege kabla jua halijawa kali. Mwanzoni tutatembea haraka, kisha kukimbia kidogo na kutembea kidogo. Pasaka ikifika, awe anakimbia kiwanja chote, mwanzo hadi mwisho, bila kusimama. Kiangazi kikifika, kile kikwembe cha arusi ya mwisho aliyoihudhuria kiweze kumzunguka mara mbili. Bugali atakula nusu ya anaoula sasa. Sombe, yale majani ya mihogo, itiwe mawese machache. Na mwisho wa mwaka, wakati wa kwenda Wamaza kumaliza kilio cha baba, yaani kufunga msiba wake, atashuka kwenye pikipiki pale chini na kukipanda kilima kwa miguu yake, bila kukaa.

"Nataka nifike," akasema. "Nataka mama anione nafika."

"Na mimi?"

"Weye utakimbia pamoja na mimi. Peke yangu watanicheka sana. Tukiwa wawili watatuogopa kidogo."

Walitucheka wawili. Fundi cherehani alimshonea suruali pana ya kitambaa cha pamba, akafunga kikwembe juu yake, maana mama wa kanisa hawezi kupita barabarani na suruali peke yake. Tukifika kiwanjani alikivua kikwembe na kukitundika kwenye kichaka. Viatu alivipata kwenye mtumba, vyeupe vyenye mstari wa kijani, vya kiume. Vilimbana kidogo ubavuni, lakini miguu yake ilikuwa mipana na hakuna vingine vilivyoingia.

Kiwanja chetu cha ndege ni njia ndefu ya udongo mwekundu na majani pembeni. Ndege hutua mara moja moja, siku nyingine zote ni ya mbuzi, wachezaji mpira na watu wanaokatiza kwenda mashambani. Tulikuwa tunafika wakati adhana ya msikiti imemalizika na moshi wa mioto ya kwanza unaanza kulala juu ya mapaa. Wanawake waliobeba vikapu mgongoni walisimama kututazama.

"Mama, nani anawafukuza?" mmoja akauliza.

"Unene!" yaya akajibu, akihema. "Unatufukuza, na uko karibu kutukamata!"

Wakacheka mpaka vikapu vikatikisika, na tangu siku ile walitusalimia. Hakuwa mtu wa kukasirika. Siku za kwanza hakuweza kufika hata pale walipokuwa wanafunga mbuzi. Alisimama, akashika magoti, mate yakamtoka. Nilimwambia turudi nyumbani, tumejaribu, Mungu ameona. Akanitazama kwa jicho ambalo sikulijua.

"Mungu ameona nini? Bado sijafika popote."

Mizani ya kupima watu hatukuwa nayo. Tulipima uzito kwenye bohari ya mpunga, kwenye mizani kubwa wanayopimia magunia. Mwenye bohari, mfanyabiashara aliyetoka upande wa Kivu, alikuwa rafiki yake wa sokoni. Yaya alikwenda wakati wapakiaji hawapo, akawaomba walinzi wageuke, akapanda. Siku ya kwanza alishuka akafunga kikwembe chake upya.

"Aje?" nikauliza.

"Nimezidi gunia," akasema. Tukaenda nyumbani.

Lakini Pasaka haikumkuta palepale. Juma moja kabla yake alikimbia kiwanja chote. Alikimbia polepole, kiasi kwamba mtu anayetembea angeweza kumpita, viwiko vimebana mbavu, macho mbele, na mimi nilikuwa nyuma yake nasikia pumzi yake ikitoka kama msumeno. Alipofika mwisho hakusimama. Alizunguka nguzo ya mwisho kwa mkono, kama mtoto anavyozunguka mti, akaketi kwenye majani na kulia. Nilifikiri ameumia.

"Hapana," akasema. "Niko nalia tu. Siku ile sikulia."

Ndipo nilipojua kwamba kilio cha baba kilikuwa kimekaa ndani yake miezi yote ile.

Baada ya hapo uzito ulianza kumtoka haraka. Mimi nilikuwa nakimbia naye, nakula naye, na mwili wangu ulipungua kidogo sana, kiasi cha kufurahia peke yangu. Yeye alipungua kila mtu akaona. Mashavu yaliingia. Pete ya ndoa, ambayo hakuwa ameivua tangu azike mume wake kwa sababu haikuweza kutoka, siku moja ilianguka ndani ya mchele, wateja wakaitafuta pamoja naye. Kwenye bohari alishuka mizanini akicheza.

"Niko chini ya gunia!" akapiga kelele, na safari hii hakujali nani anasikia. "Mudogo wangu, gunia limenishinda uzito!"

Yule mwenye bohari akampigia makofi. Kikwembe cha arusi kilimzunguka mara mbili kiangazi hakijafika.

Watu ni watu. Wengine walimsifu, na wasichana wawili wa kanisani wakaomba waje kukimbia nasi. Wengine walinivuta pembeni. Kwetu mtu akikonda ghafla, kwanza wanauliza kama biashara yake imekufa, kisha wanauliza ugonjwa gani. Mama mmoja wa kwaya alinishika mkono baada ya ibada, akaniuliza kwa sauti ndogo kama dada yangu ameshapimwa.

"Apimwe nini? Anakimbia," nikamjibu.

Nilijibu hivyo mara nyingi mwaka ule. Wakiuliza kwa nini nguo zinamning'inia, anakimbia. Wakiuliza kwa nini anasinzia sokoni, anakimbia. Nilijibu kwa majivuno, kwa sababu nilikuwa pale, nilimwona kwa macho yangu akikimbia.

Alikuwa na kiu pia. Mtu anayekimbia ana kiu, hakuna aliyeshangaa. Alianza kulala na kidumu cha maji karibu na kitanda, na asubuhi kilikuwa kitupu. Sokoni alikunywa soda, moja baada ya nyingine. Aliniambia kwamba hicho ni kitu kimoja anachojiruhusu, maana bugali ameshauacha. Macho yakawa na ukungu, akamwomba binti yake amsomee ujumbe wa simu. Alisema ni uzee. Alikuwa bado hajafika miaka hamsini.

Kidonda kilianza kiangazi, ubavuni mwa mguu wa kulia, pale kiatu kilipombana. Kilikuwa lengelenge kama la mtu yeyote. Likapasuka. Tuliliosha kwa maji ya chumvi, akafunga kitambaa safi, kesho yake akaja kiwanjani.

"Pumzika kidogo," nikasema.

"Haiumi."

"Yaya, ngozi imetoka yote."

"Angalia." Alibonyeza kwa kidole palepale kwenye nyama. "Unaona? Haiumi hata kidogo. Mungu ananisaidia."

Tulichukulia hivyo, kwamba ni neema. Kwenye zahanati ya mtaa walimsafisha, wakampa vidonge na dawa ya kupaka. Kidonda kilikauka juu, tukafurahi, kisha kikafunguka kwa chini. Hakuacha kukimbia mpaka kiatu kilipokataa kuingia. Hapo tu ndipo aliponiambia, kama mtu anayeomba ruhusa shuleni, kwamba atapumzika juma moja.

Mvua zilikuwa zimerudi. Asubuhi moja binti yake alikuja kuniita chumbani kwangu. Alikuwa msichana wa mwisho wa sekondari, mwenye maneno machache, na alisimama mlangoni ameshika pua.

"Mama mudogo, njoo uone mguu wa mama. Iko inanuka."

Mguu ulikuwa umevimba hadi chini ya goti na vidole viwili vilikuwa vimebadilika rangi. Yaya alikuwa anatetemeka kwa homa na anatuomba maji. Tulimpeleka hospitalini kwa pikipiki, mimi nyuma yake nimemkumbatia kiunoni. Mikono yangu ilikutana mbele ya tumbo lake. Tangu utotoni sikuwa nimewahi kumkumbatia mikono ikakutana.

Munganga aliyetupokea, daktari wa zamu, alikuwa kijana, mgeni kwetu, mwenye adabu. Aliufungua mguu, akautazama, kisha akauacha akaanza kuuliza mambo mengine.

"Anakunywa maji sana?"

"Ndiyo," nikajibu kabla ya yaya. "Anakimbia."

"Anakojoa sana?"

"Anakunywa maji mengi."

"Amekonda tangu lini?"

Nikaanza kumweleza habari za Bonane, za kiwanja, za bohari. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akamchoma yaya kidoleni, akaweka tone la damu kwenye kimashine kidogo. Kimashine kilikaa kidogo, kisha kikaonyesha herufi badala ya namba.

"Imepita kipimo," akasema. "Mama, uko na sukari ndani ya damu. Nyingi. Iko ndani siku mingi."

"Lakini nimepungua," yaya akasema.

Munganga alivuta kiti, akakaa karibu naye, akamweleza polepole kwamba ugonjwa wa sukari unaweza kumla mtu mwili, kwamba kiu ile ilikuwa yake, ukungu wa macho ulikuwa wake, na mguu usioumia ulikuwa umeshakufa ganzi kwa sababu yake. Kukimbia hakukuwa kubaya, akasema. Kulikuwa kuzuri. Ila kuanzia wakati fulani, hawezi kusema lini, haikuwa tena kukimbia kulikokuwa kunamkondesha.

Nilimtazama yaya usoni. Sijui nilitegemea kuona nini. Alikuwa anapiga hesabu fulani nyuma, nafikiri alikuwa anatafuta ni kilo zipi zilikuwa za kwake na zipi zilikuwa za ugonjwa.

"Ile siku nilikimbia kiwanja chote," akamwuliza munganga. "Ile ilikuwa mimi?"

Kijana yule hakuijua siku ile, wala hakuwa pale. Akasema, "Ndiyo, mama. Ile ilikuwa weye."

Dawa ya sukari ilitumwa kutoka Kindu kwa pikipiki, ndani ya termosi yenye barafu, na barabara ikaichelewesha. Kabla haijafika, weusi ulikuwa umepanda kwenye mguu. Munganga alituita mimi na binti, akasema akiuacha mguu utamwua. Yaya mwenyewe ndiye aliyekubali. Alisema wakate, lakini wakate mara moja tu, wasimrudie kama mti. Waliukata juu ya goti.

Alipozinduka alikaa muda mrefu akitazama shuka mahali ambapo ilikuwa imelala bapa. Binti yake alikuwa amesimama upande mmoja, mimi upande wa pili. Yaya akalamba midomo.

"Sasa mwite mwenye bohari alete mizani yake," akasema. "Nimepungua kweli."

Binti alitoka mbio nje. Mimi nilicheka, Mungu anisamehe, nikacheka na yeye akacheka, tukashikana mikono tukicheka mpaka muuguzi akaja kuuliza kuna nini, na wakati huo hatukuwa tena tunacheka.

Siku za kumaliza kilio cha baba zilikuwa zinakaribia. Wamaza hawakujua chochote kuhusu mguu. Tulikuwa tumemwambia mjomba, kaka yake mama, kwamba yaya anaumwa kidogo. Yeye mwenyewe alikataa mama aambiwe zaidi. Alisema mama hajamaliza hata mwaka tangu azike mume, ngoja kwanza apumue. Alikuwa bado anamwomba munganga amruhusu aende. Atakaa nyuma ya pikipiki, atafungwa kwa kamba kama mzigo, wengine wanabebwa hata wakiwa na hali mbaya zaidi. Munganga alisema hapana, kidonda bado.

Basi mama akapiga simu. Kule kwao simu hushika mahali pamoja tu, karibu na shule, na jirani alikuwa amemsindikiza hadi pale na kumshikia. Yaya aliniambia niweke sauti ili nami nisikie.

"Hallo? Mutoto wangu? Sauti yako iko ndogo."

"Ni simu, mama. Inakatika."

"Watu wanatoka Kasongo wanasema unakimbia kama kijana."

"Nakimbia, mama."

"Na unakonda?"

"Nakonda."

"Usikonde sana. Mimi nilikuzaa muzito, tangu siku ya kwanza. Wanawake walioshika tumbo langu walisema huyu ni mukubwa." Mama akacheka, kisha simu ikakatika kidogo, ikarudi. "...kilima? Safari hii utapanda kilima?"

Nilinyoosha mkono kuchukua simu. Yaya aliusukuma mkono wangu.

"Nitapanda, mama."

"Nitakungoja pale juu," mama akasema. "Nitakuja na kiti."

"Usilete kiti, mama. Sitakaa."

Akanirudishia simu, akageuza uso ukutani.

Hakupona. Sukari ilishuka ikapanda, kidonda cha juu kikaanza nacho kutoa maji, homa ikarudi. Siku moja aliomba bugali na sombe yenye mawese mengi, kama ya zamani. Binti alimpikia, akamletea ndani ya sufuria iliyofungwa kitambaa ili isipoe. Alikula matonge mawili, akasema ni tamu, akamwambia binti yake mawese yale hayakununuliwa mahali pazuri, na akamfundisha jinsi ya kuyanusa. Kesho yake, mchana, mvua ikiwa inapiga paa la bati kiasi kwamba hatukuweza kusikizana, alikufa. Mimi nilikuwa nimemshika mkono na sikusikia pumzi yake ya mwisho.

Tulimzika Kasongo. Barabara haikuwa ya kupitisha maiti. Nilimpigia simu mjomba, akasema mama asiambiwe kwa simu.

"Habari ya namna hii inaletwa na mutu," akasema. "Njoo weye. Sisi tutafunga midomo mpaka ufike."

Nilimwacha binti na dada za marehemu baba yake nikachukua pikipiki. Mvua ilikuwa imetulia siku mbili, njia ilikuwa nzuri kuliko siku ya kumzika baba. Pale chini ya kilima motari aliniambia nishuke. Nikapanda. Sikuchoka. Mwaka mzima wa kukimbia ulikuwa ndani ya miguu yangu, na niliichukia kwa wepesi wake.

Mama alikuwa amesimama juu kabisa, pale njia inapoanza kuwa tambarare. Jirani alikuwa amempasha habari kwamba pikipiki ya Kasongo imesikika. Amejifunga kikwembe chake cha kuendea kanisani. Hakuwa na kiti. Alinikumbatia, akanipapasa mgongo, kisha akanyoosha shingo kutazama njia nyuma yangu.

"Anapumzika chini?" akauliza.

"Hapana, mama."

"Mwache apumzike. Tutamngoja. Alisema nisilete kiti, lakini akitaka nitatuma."

"Mama, twende nyumbani."

"Tumngoje."

Nikamshika mkono. Alikuwa ameanza kuelewa, nilijua kwa jinsi mkono ulivyokuwa mzito, lakini miguu yake haikutaka kuondoka pale. Tulisimama wawili tukitazama njia tupu mpaka mjomba alipokuja akamshika upande wa pili.

Nilimweleza yote ndani ya nyumba, mbele ya mjomba na wanawake wa mlango wetu, wa ukoo. Nilikuwa nimejiandaa njiani kuficha habari ya mguu. Nilipomwona amekaa mbele yangu ananitazama mdomo, sikuweza. Nikamwambia kuhusu kiu, kidonda, termosi ya barafu, mguu. Nikamwambia kwamba siku ya ile simu mguu ulikuwa umeshaondoka. Wanawake walikuwa wanalia. Mama hakulia bado.

"Na mguu," akauliza, "muliuweka wapi?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Nikamwambia kwamba hospitali hurudisha kwa jamaa, kwamba walitupatia umefungwa, nasi tukaufunga tena ndani ya kikwembe chake kizuri. Yaya alikataa uzikwe uwanjani nyumbani kwa ajili ya mbwa. Tuliupeleka makaburini, mimi na binti yake na mchimbaji mmoja, tukasali sala fupi kwa sababu hatukujua kama kuna sala ya namna hiyo. Na alipokufa yeye, nilimwomba mchimbaji yuleyule achimbe pale pembeni.

"Karibu?"

"Karibu, mama."

"Karibu namna gani?"

Nikanyoosha mkono wangu kamili, kutoka begani hadi ncha za vidole, juu ya mkeka. Mama aliutazama mkono ule. Kisha akainama, akaushika hapo kwenye kiwiko, na ndipo alipolia.

Kilio cha baba kilikuwa kimepangwa kumalizwa kesho yake. Mpunga ulikuwa umetwangwa, mihogo imelowekwa, mbuzi amefungwa nyuma ya nyumba, na wageni kutoka vijiji vya upande wa Kabambare walikuwa tayari njiani, wakija na ngoma za kumtoa mjane kwenye msiba. Mjomba alitaka kuwarudisha. Mama akasema wasirudishwe, wametoka mbali. Wakafika wakiimba, mtu akakutana nao pale juu ya kilima akawaambia, wakanyamaza, wakaweka ngoma chini kando ya njia na kuingia uwanjani wakilia. Tukawapikia chakula kilekile tulichokuwa tumewaandalia. Mama aliketi kwenye mkeka, na kila aliyeinama kumpa pole alimwambia kwamba mtoto wake mkubwa mwaka huu alikuwa anakimbia.